Bata mzinga wa Krismasi: kidari kisikauke, mapaja yaive, na oveni ni moja

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Krismasi iliyopita nilioka bata mzinga mzima wa kilo 6 kwa saa 4. Tumboni nilimjaza mchanganyiko wa mkate, nikampaka siagi, na kila nusu saa nilifungua oveni kummwagia mafuta yake. Kidari kilikauka hadi watu wakakila kwa kukisindikiza na maji, lakini mapaja yalikuwa bado mekundu kwenye mfupa na ngozi ilikuwa imelegea. Mwaka huu tutakuwa watu 10, tunakula saa 8 mchana, na nina oveni moja tu ambayo inatakiwa ichome viazi pia. Nibadilishe nini?

Jibu: Ndugu yangu, muda si tatizo lako. Ungeoka kwa saa 3 au saa 5, bado upande mmoja ungekuangusha, kwa sababu bata mzinga mzima ni nyama mbili tofauti zilizoshikana. Kidari ni nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi. Kikifika nyuzi 65 za Selsiasi bado kina maji tele. Kikipita 75 misuli yake hujikunyata na kukamua maji hayo, na hakuna siagi wala mchuzi utakaoyarudisha ndani. Mapaja ni kinyume chake. Huyu ni ndege wa kutembea, miguu yake inambeba siku nzima, na mabawa huyatumia kwa kuruka kidogo tu anaposhtuka. Ndiyo maana nyama ya miguu ni nyeusi na imejaa kolajeni, ile tishu ngumu inayoshikilia misuli. Kolajeni hiyo hulainika na kugeuka jelatini joto likishapanda vya kutosha, kwa hiyo paja linakuwa zuri kweli kati ya nyuzi 79 na 82.

Sasa tazama namna ndege mzima anavyokaa kwenye trei. Kidari kiko juu, wazi, kinapigwa na joto kutoka kila upande. Mapaja yamebanwa chini ubavuni, na kiungo kinachoyaunganisha na mwili kimejificha. Nyama inayotaka joto dogo ndiyo inayopata kubwa. Wewe ukaongeza mkate tumboni, ukazuia hata hewa ya moto isipite ndani. Kazi yako mwaka huu ni kuugeuza mpangilio huo, na kuacha kuhesabu saa uanze kupima joto.

Mpasue mgongo, umlaze

Kwa watu 10 na oveni moja, ushauri wangu ni huu: mtoe uti wa mgongo, mfungue, umlaze kidari kikiwa juu, kama kitabu kilichofunguliwa. Mapaja yanatoka nje pembeni, yanapata joto kali. Kidari kinabaki katikati, na kwa kuwa ndicho kinene zaidi, kinachelewa kidogo. Vyote viwili vinaiva pamoja. Ngozi yote inatazama juu, kwa hiyo yote inakauka. Na ndege wa kilo 6 aliyelazwa huiva kwa saa moja na nusu hivi, wakati mzima kwenye nyuzi 165 hukaa saa 3 hadi 3 na robo tatu. Oveni inabaki huru kwa viazi.

Namna ya kumpasua: mweke kidari kikiwa chini, mgongo ukutazame. Kwa mkasi mzito wa jikoni, anza pale penye mkia, kata kufuata upande mmoja wa uti, karibu kabisa na mfupa, hadi shingoni. Rudia upande wa pili. Utakutana na ugumu sehemu mbili, kwenye kiungo cha paja na karibu na bega. Hapo sogeza mkasi kidogo kando utafute kiungo chenyewe badala ya kukata mfupa mnene kwa nguvu. Ukiwa na kisu tu, tumia kizito na umsimamishe ndege wima, shingo ikiwa chini, ili uzito wa kisu ukusaidie. Utoe uti wote, usiutupe. Kisha mgeuze kidari kiwe juu, weka viganja viwili katikati ya kidari na ubonyeze kwa uzito wa mwili mpaka usikie mfupa umelia na kulala. Kama unakataa, mgeuze tena uchanje kidogo mfupa wa kidari kwa ndani, halafu bonyeza. Ncha za mabawa zikunje nyuma ya kidari, la sivyo zitaungua.

Pima trei kabla ya siku yenyewe. Ndege wa kilo 6 aliyelazwa anahitaji trei ya karibu sentimita 45 kwa 33. Kama oveni yako haichukui trei hiyo, mkate kabisa: miguu miwili ikiwa nzima pamoja na mapaja, na kidari kikiwa kwenye mfupa wake. Miguu iingie kwanza, kidari kifuate baada ya dakika 20 hadi 30, na kila kimoja ukitoe kikifika joto lake. Kwa upande wa ladha hii ndiyo njia isiyo na wasiwasi kuliko zote. Hasara yake ni moja tu, kwamba hakuna ndege mzima wa kuwekwa mezani watu wamwone. Mimi nakushauri ukubali hasara hiyo kwa moyo mweupe, maana hata ndege mzima hukatwa jikoni kabla ya kuliwa.

Kilo 6 zinatosha. Hesabu gramu 600 za ndege mbichi mwenye mifupa kwa kila mtu, na kitabaki kidogo. Usinunue wa kilo 9 ukidhani unajiwekea akiba. Kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo nje na ndani vinavyozidi kutofautiana joto. Wageni wakiongezeka, nunua miguu miwili ya ziada.

Barafu, ambayo huenda ndiyo iliyokuponza

Ule wekundu kwenye mfupa una maelezo mawili. La kwanza ni rangi ya damu inayotoka kwenye uboho wa mifupa. Hubaki hata nyama ikiwa imeiva salama, hasa kwa ndege mchanga au aliyegandishwa. La pili ni kwamba ndani kulikuwa bado na barafu ulipomtia ovenini. Ngozi ikilainika mtu hudhani ameyeyuka, kumbe kifuko cha firigisi tumboni bado ni jiwe. Rangi haitakuambia ni lipi kati ya haya mawili. Na ule ushauri wa kuchoma paja na kutazama kama maji yanatoka meupe nao si wa kutegemea.

Kwenye friji, ndani ya nyuzi 4 au chini yake, hesabu saa 24 kwa kila kilo 2 hadi 2.3. Ndege wa kilo 6 anataka siku 3 kamili. Mweke kwenye trei yenye kingo, rafu ya chini kabisa, ili maji yake yasidondokee saladi. Umechelewa? Mzamishe kwenye maji baridi akiwa kwenye mfuko usiovuja, badilisha maji kila dakika 30, hesabu saa moja na ziada kidogo kwa kila kilo, kisha umpike papo hapo. Kumwacha mezani usiku kucha si njia: nje atakuwa ameshapita nyuzi 4 kwa saa nyingi, na kati ya nyuzi 4 na 60 ndipo bakteria wanapozaliana kwa kasi, huku ndani bado kuna barafu.

Na kama asubuhi ya Krismasi umemkuta bado ameganda, usilie. Anaweza kuokwa hivyo hivyo kwenye nyuzi 165, mzima, bila kujazwa kitu, kwa muda unaozidi wa kawaida kwa nusu yake. Baada ya saa 2 au 3 nyama ikilegea, vuta kifuko cha firigisi kwa koleo la jikoni, halafu endelea. Hatakuwa bora, lakini atakuwa salama na ataliwa.

Halafu usimwoshe. Maji ya bomba yanarusha matone kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye nguo, na matone hayo yanaweza kubeba Salmonella na Campylobacter. Bakteria walio kwenye ngozi watakufa ovenini. Waliorukia bakuli la matunda hawatakufa. Mfute kwa karatasi za jikoni, zitupe, nawa mikono.

Chumvi ndiyo siagi yako

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, kwa sababu hatua hii haina gharama na ndiyo inayobadilisha nyama kuliko kitu kingine chochote. Siagi unayopaka juu ya ngozi haiingii kwenye nyama. Inayeyuka na kushuka kwenye trei. Chumvi inaingia. Ukiipaka kavu, kwanza huvuta maji kidogo kutoka kwenye nyama, inayeyuka ndani ya maji hayo, kisha taratibu hurudi ndani pamoja nayo. Ikifika kwenye misuli inalegeza baadhi ya protini, na protini zilizolegea hazijikunyati sana zikipata joto, kwa hiyo hazikamui maji mengi. Ndiyo maana kidari kilichokaa na chumvi siku mbili husamehe hata ukikipitisha nyuzi mbili tatu.

Kipimo ni gramu 10 za chumvi ya mezani kwa kila kilo ya ndege. Kwa kilo 6 ni gramu 60, kama vijiko vitatu na robo vya mezani vya kusawazisha, lakini mizani ni bora kwa sababu chumvi ya chembe kubwa hujaza kijiko ikiwa na uzito mdogo zaidi. Changanya na pilipili manga iliyosagwa, kijiko kimoja cha chai na nusu, na bekingi pauda gramu 20. Usishangae kuhusu bekingi pauda. Inapunguza uasidi wa ngozi, na ngozi yenye uasidi mdogo hugeuka rangi ya dhahabu mapema na kukauka vizuri. Ila hakikisha ni bekingi pauda. Bekingi soda kwa kiasi hicho itaacha ladha ya sabuni.

Mchanganyiko huo uugawe: theluthi moja ndani, upande wa mifupa, na uliobaki nje, ukizidisha kwenye kidari na mapaja na kupunguza kwenye mabawa ambayo ni membamba. Unaweza kupenyeza vidole kati ya ngozi na kidari na kupaka kidogo humo, taratibu usichane. Mweke kwenye wavu juu ya trei, umrudishe frijini bila kumfunika. Wazi kabisa. Hewa kavu ya friji ndiyo inayokausha ngozi. Ngozi yenye unyevu hutumia joto la mwanzo la oveni kukausha maji badala ya kubadilika rangi, na hilo ndilo lililoilegeza yako, pamoja na yale mafuta uliyokuwa ukimmwagia. Saa 24 zinatosha, saa 48 ni bora zaidi. Ngozi itaonekana imekakamaa, inaangaza kidogo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kabla ya yote hayo soma kifungashio. Ndege wengi wa kugandishwa huuzwa wakiwa tayari wamedungwa maji ya chumvi. Kama imeandikwa hivyo, acha chumvi, paka bekingi pauda na pilipili manga tu na umkaushe. Ukiongeza chumvi kamili hapo, nyama itakuwa na chumvi kali na itateleza mdomoni mithili ya soseji.

Kumlowesha kwenye ndoo ya maji ya chumvi sikupendekezi. Nyama inakunywa maji kweli, lakini ni maji matupu yanayopunguza ladha yake, ngozi inalowa, na ndoo hiyo lazima ikae baridi siku nzima wakati friji imejaa.

Moto na kipimajoto

Washa oveni nyuzi 220, au 200 kama ina feni, na uipe dakika 30 ipate moto kweli. Tandaza kwenye trei vitunguu maji viwili na karoti mbili zilizokatwa vipande vikubwa, mimina maji nusu lita ili mafuta yakidondoka yasiungue na kujaza moshi, weka wavu juu yake, kisha ndege. Mpake ngozi vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Siagi ina maji ndani yake na mabaki ya maziwa yanayoungua kwenye joto hili, kwa hiyo iache kwa ajili ya mchuzi.

Usimmwagie mafuta wakati anaiva. Kila ukifungua mlango joto la oveni linashuka sana na muda unarefuka, na mafuta hayo yanaishia kuteleza juu ya ngozi. Fungua mara moja tu, baada ya dakika 45, umgeuze mbele nyuma kwa sababu oveni nyingi zina upande mmoja mkali, na uongeze maji kwenye trei kama yamekauka. Ngozi ikianza kuwa nyeusi sehemu fulani, ifunike sehemu hiyo tu kwa foili.

Kipimajoto cha nyama ndicho kifaa pekee ninachokuomba ununue. Kijaribu kwanza kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo: kionyeshe 0. Maji yanayochemka si kipimo kizuri ukiwa sehemu ya mwinuko, kwa kuwa hupungua karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Kile kidude cha plastiki kinachochomoza chenyewe kwenye kidari usikifuate. Mara nyingi kinaruka kidari kikiwa kimeshapita.

Anza kupima dakika ya 70. Ingiza ncha kutoka pembeni mwa kidari mpaka katikati ya sehemu nene kabisa, bila kugusa mfupa, maana mfupa hukudanganya. Kisha ivute taratibu na utazame namba ya chini kabisa inayojitokeza njiani. Hiyo ndiyo namba yako. Pima vidari vyote viwili. Kwenye paja ingiza ndani karibu na kiungo kinachoshika mwili.

Mtoe kidari kikiwa nyuzi 70 na paja likiwa 77 au zaidi. Nje ya oveni joto la juu linaendelea kusafiri kwenda ndani, na katika dakika 15 za mwanzo kidari kitapanda nyuzi 4 hadi 6. Kiwango cha usalama kwa nyama ya ndege ni nyuzi 74, ambazo huua Salmonella papo hapo, kwa hiyo acha kipimajoto ndani ya kidari wakati kinapumzika na uione hiyo 74 kwa macho yako. Isipofika, mrudishe ovenini dakika 8.

Kuna hali moja inayowatia watu hofu: kidari tayari kina 70, paja bado lina 68. Usimrudishe mzima. Kata miguu yote miwili kwenye kiungo, iweke peke yake kwenye trei, irudishe ovenini dakika 10 hadi 15, kidari kibaki nje kikipumzika. Hakuna sheria inayosema lazima viive vikiwa vimeshikana.

Apumzike dakika 30 hadi 40 bila kufunikwa, au afunikwe foili kwa juu juu tu. Ukimfunga gubigubi, mvuke utailainisha ngozi uliyoikausha siku mbili. Hatapoa, nyama ya unene huo hubaki na moto muda mrefu, na mchuzi wa moto utamalizia.

Mkate wa kujaza uoke pembeni

Tumboni haukai vizuri kwa sababu unanyonya maji ya nyama mbichi, na ili uwe salama lazima nao ufike nyuzi 74 katikati. Wakati unafika huko, kidari kimeshapita 80. Mkaushe mkate gramu 700 uliokatwa vipande vya sentimita 2 kwenye oveni ya nyuzi 130 kwa dakika 45, mpaka ulie ukiugonga. Kaanga vitunguu maji vitatu na mabua manne ya selari kwenye siagi gramu 150 hadi vilainike bila kuungua, tia vitunguu saumu punje 4, majani ya thaim na rozimeri. Changanya na mkate, supu mililita 700 na mayai matatu yaliyopigwa. Acha dakika 15 mkate unywe. Funika kwa foili, oka nyuzi 180 kwa dakika 30, funua, dakika 20 zaidi. Ukishindwa kusimama, mkate haukukauka. Ukiwa mkavu katikati, supu ilipungua. Unaweza kuokwa asubuhi ndege hajaingia, ukarudishwa kupata moto mwishoni pamoja na viazi.

Viazi

Kilo 2 na nusu, vipande vya sentimita 5. Vichemshe kwenye maji lita 3 yenye chumvi gramu 30 na bekingi soda nusu kijiko cha chai. Soda huvunja kile kinachoshikilia kuta za kiazi, kwa hiyo nje panakuwa na uji mzito unaogeuka gamba kavu ovenini. Dakika 8 hadi 10, kisu kikiingia kwa urahisi chuja, viache vitoe mvuke dakika 3, kisha virushe kwenye sufuria pamoja na mafuta mililita 120 mpaka vichakae juu. Vitandaze kwenye trei yenye moto bila kubanana. Nyuzi 220, dakika 45 hadi 55, ukivigeuza mara moja baada ya dakika 25. Ukivigeuza mapema vitang'ang'ania trei na kuchanika.

Mchuzi

Ule uti wa mgongo, shingo na firigisi ndio mchuzi wako. Ini libaki nje, linatia uchungu. Vikaange mpaka viwe rangi ya kahawia kweli, si kijivu, ongeza kitunguu, karoti na maji lita 2, chemsha moto mdogo saa 2 na nusu, chuja. Utapata kama lita 1.2. Usitie chumvi. Siku yenyewe, yeyusha siagi au mafuta ya trei gramu 60, tia unga wa ngano gramu 60, koroga dakika 4 mpaka unukie kama njugu zilizokaangwa, kisha mimina supu ya moto kidogo kidogo ukikoroga. Iache ichemke polepole dakika 10 ili ladha ya unga mbichi iondoke. Mwishoni ongeza maji ya nyama yaliyobaki kwenye trei, kijiko kimoja kimoja huku ukionja, kwa sababu yana chumvi uliyompaka ndege. Wengi huharibu mchuzi hapa: wanamimina trei yote mara moja, wanapata chumvi tupu, wanaongeza maji, unakuwa mwepesi. Mabonge yakitokea, chuja tu.

Ratiba yako

Asubuhi ya tarehe 20 Desemba mhamishe kutoka friza kwenda friji. Tarehe 23 mchana mpasue, mpake chumvi, mrudishe frijini wazi, na uchemshe supu jioni hiyo hiyo. Tarehe 24 kausha mkate na ukatekate vitunguu, ndege usimguse.

Tarehe 25, saa 3 asubuhi oka mkate wa kujaza. Saa 4:50 pandisha oveni hadi 220. Saa 5:20 ndege aingie. Kumtoa frijini saa nzima mapema hakusaidii, nyama nene haipati joto lolote la maana kwa muda huo. Saa 6:15 chemsha viazi. Kuanzia saa 6:30 pima joto. Atatoka kati ya saa 6:40 na 7:05. Viazi viingie mara tu akitoka, mkate wa kujaza uingie rafu ya chini ukiwa umefunikwa baada ya hapo dakika 25. Huku akipumzika, pika mchuzi. Una nafasi ya karibu dakika 20 ya kuchelewa, na utaihitaji.

Kukata: toa miguu kwenye viungo, tenga paja na mguu, chomoa mfupa wa paja. Kisha pitisha kisu kufuata mfupa wa kidari utoe kila upande wa kidari ukiwa mzima na ngozi yake, ulaze ubaoni na ukate vipande vya sentimita 1 kukatisha misuli, si kuifuata. Vipande vilivyokatwa kufuata misuli huonekana vikavu hata nyama ikiwa na maji.

Kilichobaki kiingie frijini ndani ya saa 2 tangu kitoke ovenini, kikiwa kimetolewa mfupani na kutandazwa kwenye vyombo vifupi ili kipoe haraka. Kitafaa siku 3 hadi 4. Ukikipasha moto kifike tena nyuzi 74, na kidari ukipashe ndani ya mchuzi uliofunikwa, siyo kikavu. Mifupa iingie kwenye sufuria usiku huo huo pamoja na maji ya kuifunika, saa 3 moto mdogo.